Bloku safi au faulo? Namna refa anavyosoma mgusano shuti linapozuiwa

Hakuna tukio linalogawa kiwanja cha kikapu kama bloku. Kofi linasikika hadi nje ya uzio, mpira unaruka pembeni, mpiga shuti yuko chini, benchi moja linadai faulo na lingine linashangilia. Refa ana muda wa kufumba na kufumbua kuamua. Wengi wanaoanza kazi hii, wakiwemo walimu wa michezo wanaokabidhiwa filimbi msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, huamua kwa sikio: kofi likilia, filimbi nayo inalia. Hapo mchezo unaumia pande mbili. Mlinzi aliyejifunza kusubiri na kuruka wima anaadhibiwa kwa kazi nzuri, na mpiga shuti aliyegongwa nyonga kimya kimya ananyimwa haki yake kwa sababu tu hakuna kilicholia.

Maelezo haya yanafuata kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ambazo ndizo zinazochezewa Tanzania, na yamepangwa kwa kufikiria viwanja vya Tabora: sakafu ya saruji, vumbi la kiangazi, refa mmoja au wawili, na watazamaji waliosimama mstarini kabisa.

Kabla ya mechi, shika futi

Ukingo wa juu wa ringi unatakiwa uwe mita 3.05 kutoka sakafuni. Kwenye viwanja vya wazi nguzo huinama na ringi hushuka kwa kuning'iniwa. Ringi iliyoshuka hadi mita 2.90 inabadilisha kazi yako: wachezaji ambao kwa kawaida wangeishia wavuni sasa wanafika juu ya ringi, na unaanza kuamua kesi za mpira unaoshuka kikapuni, kesi ambazo mechi nyingi za sekondari hazizioni kabisa. Kama haiwezi kurekebishwa, waambie makocha wote wawili kabla ya kuanza kwamba kipimo cha siku hiyo ni ringi iliyopo.

Kisha tazama kama nusu duara chini ya kikapu ipo. Viwanja vingi havina. Funga jiwe kwenye kamba, literemshe kutoka katikati ya ringi, na uweke alama linapogusa sakafu. Alama hiyo iwe mita 1.575 kutoka ukingo wa ndani wa mstari wa mwisho. Kutoka hapo vuta kamba ya mita 1.25 na uchore nusu duara kwa chaki upande wa uwanjani, halafu umalizie ncha zake kwa vimistari vya sentimita 37.5 vinavyoelekea mstari wa mwisho. Mstari wenyewe ni sehemu ya eneo hilo.

Matumizi ya nusu duara huchanganywa sana. Mshambuliaji aliye hewani na mpira, anayepiga shuti au kutoa pasi, akimgonga mlinzi ambaye mguu wake hata mmoja unagusa eneo hilo, hapewi faulo ya kugonga, isipokuwa ametumia mkono, mguu au mwili isivyo halali. Basi. Nusu duara haimnyimi mlinzi haki ya kuruka wima na kuzuia shuti. Akiruka wima akiwa ndani yake na kifua kikagongwa, filimbi inakaa kimya na mchezo unaendelea.

Mwisho, uwanja ufagiliwe. Kuanzia Juni vumbi la Tabora hulala juu ya saruji, na mpiga shuti anayetua kwenye vumbi huteleza hata kama hakuguswa na mtu. Ukilijua hilo mapema, hutadanganyika na mwanguko.

Mahali pa kusimama

Bloku haisomeki ukiwa nyuma ya mgongo wa mtu. Unachotafuta ni mwanya wa hewa kati ya mlinzi na mpiga shuti. Ukiona miili miwili imekuwa kitu kimoja, hauko mahali sahihi. Hama hatua moja au mbili hadi mwanya ufunguke. Usisogee ukifuata mpira, sogea ukifuata mwanya.

Mkiwa wawili, refa wa mbele anasimama nje ya mstari wa mwisho, kama mita moja au zaidi kidogo, mwili umegeuka pembeni ili aone kikapu na wachezaji kwa pamoja. Miguu yake iwe imetulia mchezaji anaporuka, kwa sababu macho ya anayekimbia hutikisika. Refa wa nyuma anabaki juu, karibu na mstari wa pointi tatu, na yeye ndiye mwenye safari ya mpira: unapanda au unashuka, umegusa ubao au haujagusa. Mgawanyo huu uheshimiwe. Refa wa mbele akiinua macho kufuata mpira, hakuna aliyebaki akitazama viuno, na huko viunoni ndiko faulo nyingi za bloku zinakotokea.

Ukiwa peke yako, usikimbilie chini ya kikapu. Kaa pembeni, usawa wa mstari wa mitupo huru au karibu zaidi, upande unaokupa mwanya. Tazama miili, mpira uuchukue kwa pembe ya jicho. Na saa kumi na moja jioni, kama kikapu kiko upande wa magharibi, chagua pembe ambayo jua halikupigi usoni, hata kama inakutoa upande uliouzoea.

Soma kuanzia miguuni

Mtazame mlinzi kabla shuti halijaanza. Mshambuliaji unajua anakokwenda: kikapuni. Wa kuchunguzwa ni mlinzi, kwa hiyo macho yawe kwake tangu mpinzani anapokaribia.

Kanuni inampa kila mchezaji silinda yake. Lichukulie kama pipa lisiloonekana lililomzunguka: mbele linaishia kwenye viganja vyake, mikono ikiwa imekunjwa kiwikoni na kuinuliwa, nyuma linaishia makalioni, pembeni linaishia ukingo wa nje wa mikono na miguu. Mikono haipaswi kutangulia mbele kupita miguu na magoti. Pipa hilo linapanda juu naye anaporuka. Ndani yake ana haki zote, na akitoka nje yake akamgusa mtu, mgusano ni wake.

Ili awe na nafasi halali ya ulinzi, mlinzi lazima awe amemwelekea mpinzani kwa uso na miguu yote miwili imegusa sakafu. Akishaipata nafasi hiyo hatakiwi kusimama kama nguzo. Anaruhusiwa kusogea pembeni, kurudi nyuma, na kuruka wima. Hata mikono ikiwa juu kabisa, ndani ya silinda yake, haadhibiwi. Marefa wengi wachanga humpigia mlinzi filimbi kwa sababu tu alikuwa hewani wakati wa mgusano. Kanuni haisemi hivyo popote. Kuruka si kosa. Kosa ni kuruka kumwendea mtu.

Tuchukue tukio moja tulitazame polepole. Mshambuliaji anaingia kutoka kulia, anadunda mara ya mwisho, anaukusanya mpira, hatua mbili, anaruka kwa mguu wa kushoto. Mlinzi yuko mbele ya ringi, miguu miwili chini, uso kwa uso. Wote wanapaa. Vifua vinakutana, mkono wa mlinzi unaupiga mpira, mpira unatoka pembeni.

Tazama viatu vya mlinzi. Viliiacha sakafu wapi, na vimetua wapi? Vikitua palepale au nyuma kidogo, aliruka wima, na aliyeleta mgusano ni mshambuliaji; mchezo uendelee. Vikitua hatua nzima mbele, alimwendea mpiga shuti, na kifua chake ndicho kilichogonga. Hapo ni faulo hata kama kiganja chake kiliupata mpira peke yake. Sakafu inatunza ushahidi ambao hewani umepita haraka mno.

Kisha kiwiliwili. Wako walinzi ambao miguu yao inatua mahali pake lakini tumbo au nyonga imesukumwa mbele hewani. Dalili yake huonekana kwa mpiga shuti: njia yake hewani inapinda kabla mkono wa mlinzi haujafika kwenye mpira. Mgusano wa mwili uliotangulia ndio uliorahisisha bloku, na bloku iliyorahisishwa hivyo si halali. Katika bloku zote hii ndiyo faulo inayopita bila kuonwa mara nyingi kuliko nyingine, kwa sababu haina sauti.

Halafu mikono. Mikono iliyonyooka juu inabaki salama. Ikilala mbele na kuingia kwenye silinda ya mpiga shuti, ikagusa kigasha, bega au kichwa, mlinzi amevunja wima wake ingawa miguu na kifua viko sawa.

Mshambuliaji naye ana mipaka. Haruhusiwi kutanua miguu au mikono ili atengeneze mgusano, wala kumsukuma mlinzi kwa mkono usio na mpira ili apate nafasi. Mlinzi akiwa wima na mshambuliaji akamsukuma kifuani kwa kigasha, piga faulo ya ushambuliaji bila kusita. Refa asiyeipiga kamwe anawafundisha vijana kwamba kuruka na kumparamia mlinzi ni mbinu.

Kiganja, kifundo, kigasha

Kofi linalolia sana mara nyingi ni kiganja kwenye mpira. Ngozi kwenye ngozi hutoa sauti ndogo zaidi, tena fupi. Lakini usiitegemee tofauti hiyo, tazama.

Kiganja cha mpiga shuti kikiwa kimeshika mpira, na mlinzi akakigusa hapohapo wakati anaupiga mpira, mgusano huo hauadhibiwi. Kanuni za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zinasema wazi kwamba mkono uliogusa mpira ni sehemu ya mpira, na marefa wa FIBA nao kwa kawaida huuchukulia kama mgusano wa bahati. Ukipita vidole na kiganja ukafika kwenye kifundo cha mkono au kigasha, kinga hiyo imekwisha.

Njia ya kutambua ni kutazama mpira unavyotoka. Mpira uliopigwa vizuri hubadilisha mwelekeo ghafla, na mkono wa mpiga shuti huendelea na mwendo wake. Kifundo kikipigwa, mkono ndio unaokatika kwanza na mpira unadondoka bila nguvu, au unatoka kombo. Mlinzi anayeshusha mkono kutoka juu kwenda chini, kama anayekata, yuko hatarini zaidi kukosea kuliko anayeusukuma mpira kwenda juu au mbele; akianza kushusha, macho yako yawe kwenye kifundo.

Je, kila mguso wa kigasha ni faulo? Hapana. Kanuni inakutaka usikatishe mchezo kwa mgusano mdogo ambao haukumpa yeyote faida. Jiulize kama mguso ulibadilisha shuti: mwendo wa mkono, mizani ya mwili, mahali mpira ulipoelekea. Kucha zikipita juu ya ngozi baada ya mpira kutoka safi, acha. Kifundo kikiguswa kidogo tu wakati vidole bado vinausukuma mpira, shuti limeharibika, piga. Subiri nukta moja uone mwanzo, katikati na mwisho wa tendo ndipo upulize. Filimbi iliyochelewa kidogo na ikawa sahihi inaheshimika.

Kupata mpira kwanza hakufuti kinachofuata

"Kacheza mpira!" ndiyo hoja inayosikika zaidi, na ni hoja nusu. Mlinzi akiupata mpira safi kisha mkono wake ukaendelea na kumpiga mpiga shuti kichwani au kumwangusha kwa bega, anawajibika kwa mgusano huo. Mpiga shuti analindwa tangu anapoanza mwendo wa shuti hadi miguu yake yote miwili inaporudi sakafuni. Akipigwa kabla hajatua, ni faulo ya kwenye shuti ingawa mpira umeshaondoka. Akipigwa baada ya kutua, ni faulo ya kawaida.

Kipigo cha kichwani kisikuachie nafasi ya kusitasita. Kipigo kikali cha kupita kiasi, hata kama nia ilikuwa kuucheza mpira, kinaingia kwenye faulo isiyo ya kiuanamichezo. Vivyo hivyo kwa mlinzi anayetoka nyuma mbio kwenye shambulizi la haraka bila kujaribu kuucheza mpira. Faulo hiyo huhusu pia kumgusa kutoka nyuma au pembeni mtu asiye na mpinzani mbele yake, ila kipengele hicho hukoma pale mtu huyo anapoanza tendo la shuti. Baada ya hapo pima ukali wa mgusano na kama mpira ulichezwa kweli. Adhabu yake ni mitupo huru pamoja na mpira, na mbili kwa mchezaji mmoja zinamtoa uwanjani.

Sehemu ya kutua nayo ni haki. Aliyeruka ana haki ya kutua alikotokea, au popote ambapo hapakuwa na mtu aliporuka. Mlinzi anayeingiza mguu chini ya mpiga shuti aliye hewani anamhatarishia kifundo cha mguu na goti. Juu ya saruji kosa hili linavunja watu, na filimbi yake isingoje mwanguko.

Urefu nao usikutie hofu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21 aliyechaguliwa wa pili katika drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NBA mwaka 2009, alijenga jina lake Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuzuia mashuti. Mchezaji mrefu huonekana kama anamfunika mpinzani hata pale asipomgusa. Mhukumu kwa mgusano uliouona. Ule uliouhisi tu, uache.

Mpira unaoshuka na mpira uliogusa ubao

Mpira wote ukiwa juu ya usawa wa ringi na unashuka kuelekea kikapuni, hauguswi. Ukiwa umeshagusa ubao na bado uko juu ya ringi, hauguswi vilevile, hata kama unapanda. Ndiyo maana bloku za kubandika mpira ubaoni zinahitaji jicho: mpira uliguswa na mkono kwanza, au ubao kwanza? Mkono kwanza, mpira ukiwa unapanda, ni halali. Ubao kwanza, kikapu kinahesabiwa, pointi 2 au 3 kulingana na shuti lilikotoka.

Kwa FIBA, mpira ukishagusa ringi unaweza kupigwa na yeyote. NBA hairuhusu mpira uguswe ukiwa juu ya ringi. Vijana wanaotazama NBA usiku hulalamika sana hapa, waelezwe mapema. Ubao kupigwa kwa kiganja baada ya bloku iliyokosa si kosa lenyewe. Linakuwa kosa mlinzi akiugusa ubao au kikapu mpira ukiwa bado umegusa ringi, au akiutikisa kiasi kwamba kwa maoni yako mpira umezuiwa kuingia.

Filimbi na adhabu

Faulo: ngumi moja juu, vidole vimefungwa. Ikiwa ni kwenye shuti, fuatisha idadi ya mitupo. Ikiwa si kwenye shuti, onyesha sakafu. Kisha nenda mahali meza ya maofisa wa mechi inakuona, onyesha namba ya mlinzi, na aina ya mgusano: kiganja kinachopiga kigasha kwa kupiga mkono, mikono kiunoni kwa kuzuia kwa mwili, mkono kichwani kwa kupiga kichwa. Ishara sahihi hutuliza benchi kuliko maneno, kwa sababu kocha anajua umeona nini hasa.

Kikapu kikiingia pamoja na faulo, kinahesabiwa na mtupo huru 1 unaongezwa. Kisipoingia, mitupo 2, au 3 kama shuti lilitoka nje ya mstari wa mita 6.75. Faulo iliyotokea kabla mwendo wa shuti haujaanza hurudisha mpira kando, isipokuwa timu imeshafikisha faulo 4 kwenye robo hiyo. Kuanzia ya 5 ni mitupo 2. Mchezaji hutoka kwenye faulo yake ya 5, na walinzi wa kati ndio hufika huko mapema, kwa hiyo faulo ya kubahatisha katika robo ya kwanza inaweza kuamua mechi nzima.

Mbwembwe baada ya bloku zina mpaka. Dikembe Mutombo wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, aliyezuia mashuti 3,289 katika NBA, alijulikana kwa kutikisa kidole. Mchezaji wako akimtikisia mpinzani usoni kwa kumkejeli, ni faulo ya kiufundi: mtupo huru 1, kisha mchezo unaendelea kutoka uliposimama.

Mpira ukibaki hai

Bloku nyingi hazihitaji filimbi, zinahitaji refa aendelee kutazama. Mlinzi na mpiga shuti wakiushika mpira kwa nguvu pamoja hewani na hakuna anayeweza kuupata bila kuvutana, ni mpira wa kushikana: tazama mshale wa zamu ulio mezani, mpira ni wa timu ambayo mshale huo unaielekea. Kama kuna saa ya sekunde 24, bloku haiirudishi mwanzo. Mpira usipogusa ringi na washambuliaji wakaupata tena, saa inaendelea pale ilipo. Ukigusa ringi na wakaupata, wanapewa sekunde 14. Mlinzi akiupiga mpira ukatoka nje moja kwa moja, washambuliaji wanarusha kwa muda uliobaki. Ila ukirudi na kumgonga mpiga shuti gotini kabla ya kuvuka mstari, ni wa walinzi. Onyesha mwelekeo mara moja kwa mkono ulionyooka, kabla wachezaji hawajaanza kuugombania.